Kuharisha kijijini: anza na rejista, malizia mlangoni pa choo

Zahanati ikisema kuharisha kumezidi, wengi hukimbilia kuitisha mkutano na kuhimiza watu wanawe mikono. Kabla ya hapo kuna kazi ya wiki 2 hadi 3, ambayo ikifanywa vizuri itakuonyesha kitongoji na chanzo cha maji cha kuanza nacho. Lakini akitokea mtu anayeharisha choo kama maji yaliyooshea mchele, tathmini isimame. Awahishwe zahanati na taarifa itolewe siku hiyohiyo, kwani huenda ni kipindupindu.

Muombe mganga mfawidhi mkae pamoja na kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5, kile cha wagonjwa wa nje. Pitieni miezi 12, mhesabu walioharisha kwa mwezi, kwa umri (chini ya miaka 5, na miaka 5 na kuendelea) na kwa kitongoji. Majina yabaki kitabuni. Kisha gawanya kwa idadi ya wakazi, kwa sababu hesabu tupu hudanganya: wagonjwa 24 katika watu 1,200 ni 20 kwa kila 1,000, lakini wagonjwa 15 katika watu 300 ni 50 kwa kila 1,000. Hao 15 ndio wenye shida kubwa. Kumbuka pia kwamba rejista inawajua waliofika tu. Aliyeishia duka la dawa, au aliyezuiwa na mto uliofurika wakati wa masika, hamo. Kitongoji chenye wagonjwa wachache kuliko vyote kinaweza kuwa ndicho kilicho mbali kuliko vyote, kwa hiyo usikiruke.

Chora ramani pamoja na wanaochota maji, yaani kina mama na watoto. Weka visima, mabwawa, vyoo na njia ya maji ya mvua, kisha alama moja kwa kila mgonjwa. Daktari Mwingereza John Snow aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani hivyohivyo London mwaka 1854, na alama zikasongamana karibu na pampu ya Broad Street.

Sasa nenda kwenye kaya. Kijiji kikiwa na kaya 400 na unataka kutembelea 40, chukua orodha ya mtendaji, piga kura ya namba kati ya 1 na 10, anzia hapo, halafu ruka kumikumi. Kaya 40 zinatoa picha ya jumla tu: ukikuta nusu ya kaya zina tatizo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 35 na 65. Usikubali mwenyeji akuchagulie nyumba; atakupeleka zilizo kando ya barabara, zenye bati na choo kizuri. Omba ridhaa, kisha uliza swali lenye mipaka: “Kuna mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeharisha ndani ya wiki 2 zilizopita?” Kuharisha ni choo laini au cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku.

Usiulize tu kama wana choo. Karibu kila mtu atasema anacho. Omba kukiona. Njia iliyoota majani na utando wa buibui mlangoni vinasema hakitumiki. Angalia kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia mikono kinachoning'inizwa karibu na choo: ardhi chini yake ikiwa kavu na sabuni imepasuka, hakuna aliyenawa leo. Ndani, tazama maji ya kunywa yanavyotekwa. Ndoo wazi na kikombe kinachochovywa na kila mkono huyachafua maji yaliyotoka kisimani yakiwa salama. Ndiyo maana maji hupimwa mara mbili, kisimani na nyumbani. Ukipima nyumbani peke yake utalaumu kisima bure.

Tiba hufuata ulichokiona. Tatizo likiwa nyumbani, sisitiza chombo chenye mfuniko na koki. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutosha lita 20 za maji maangavu, na yasinywewe kabla ya dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope humaliza klorini. Tatizo likiwa kisimani, tengeneza ukuta, mfuniko na mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika; choo kipya kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Watoto wanaougua wasisubiri ujenzi: pakiti 1 ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) katika lita 1 ya maji safi, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku (10 kwa walio chini ya miezi 6), siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma.

Peleka matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji bila kutaja kaya ya mtu, mchague jambo moja au mawili yenye msimamizi na tarehe. Rudia kupima baada ya mwaka, mwezi uleule. Ukilinganisha masika na kiangazi, utaisifia kazi yako kwa jambo lililofanywa na ukame.