Mafua ya herpesi kwa paka: namna ya kumuuguza nyumbani, hatua kwa hatua

Baridi ya Juni na Julai ikishashika Uyole, Mafinga na Makete, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, maswali huanza: paka anapiga chafya, macho yameziba kwa tongo, chakula hataki, nimpe nini? Wengi hujibu kwa Panadol kidogo, matone ya macho yaliyobaki kabatini na nyungu ya majani ya mkaratusi. Vyote vitatu vinaweza kumuumiza kuliko mafua yenyewe, na cha kwanza kinaua.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba virusi vya herpesi vya paka haviondoki. Baada ya mafua ya kwanza hujificha kwenye fundo la mishipa ya fahamu ya uso, na kwa paka wengi hubaki humo maisha yote. Kwa hiyo kazi yako ni kumvusha salama siku 10 hadi 20 za ugonjwa bila jicho kuharibika na bila njaa kumwangusha, kisha kupunguza mara ambazo ugonjwa utarudi. Haviambukizi binadamu wala mbwa, hivyo watoto wasiogopeshwe.

Hatua ya 1: Ondoa vitu vya hatari

Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamo, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama letu. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito. Kiasi hicho huharibu damu: ufizi unageuka rangi ya udongo, uso na miguu huvimba, paka anahema kwa shida. Kama mtu ameshampa, hata robo, usisubiri dalili. Peleka kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo usimpe. Dettol isitumike kumfuta wala kusafishia sakafu anayolalia, kwa sababu paka hujilamba na dawa za jamii hiyo ni sumu kwake. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kupaka kifuani zenye kafuri ziache kabisa.

Hatua ya 2: Angalia kama ni herpesi kweli

Chafya nyingi, macho yote mawili mekundu yenye maji kisha tongo zito, makamasi na homa: hapo herpesi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Vidonda vya wazi kwenye ulimi vinaelekea zaidi kwa kalisivirusi, virusi vingine vya mafua ya paka. Jicho moja kuvimba sana bila chafya nyingi ni dalili ya klamidia, bakteria wa macho. Magonjwa haya huchanganyika, na kwa siku za mwanzo huduma ya nyumbani ni ileile. Kipimo cha kutafuta virusi hakisaidii sana, maana hata paka mzima anaweza kuonekana navyo.

Uliza pia kama paka analala ghalani. Vumbi la dawa ya kuhifadhi mahindi humpigisha paka chafya, na baadhi ya dawa hizo, Actellic Super ikiwemo, zina permethrini ambayo ni sumu kwa paka. Chafya bila homa wala tongo kwa paka wa ghalani: mhamishe kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya 3: Mtenge

Chumba chake, bakuli lake, boksi lake la mchanga, kwa wiki 2 hadi 3. Ghala halifai. Anza kuwahudumia paka wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na ubadili kitenge ulichombebea. Chafya huruka mita moja na kidogo tu. Mikono na bakuli ndivyo vinavyosambaza.

Usimwekee jiko la mkaa chumbani. Moshi unachoma njia za hewa zilizokwisha kuungua, na chumba kikifungwa mkaa unaua watu sembuse paka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa kinene, ndani ya boksi lenye gunia au sweta kuukuu, inatosha hata kwa usiku wa Njombe.

Hatua ya 4: Fungua pua

Nyungu ni wazo zuri. Majani ndiyo tatizo. Mweke paka kwenye tenga au boksi la kusafiria. Ndoo ya maji yaliyochemka ikae nje ya tenga, imara. Funika vyote viwili kwa kitenge, ukiacha upande mmoja wazi, dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Maji matupu. Akianza kuhema kwa mdomo, funua na umtoe.

Kisha futa pua kwa pamba yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu: lita moja ya maji yaliyochemshwa kwa gramu 9 za chumvi, karibu kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa. Tengeneza mapya kila siku.

Hatua ya 5: Macho

Hapa ndipo paka wengi wanapopotea, na karibu mara zote kosa huanzia kwenye kichupa cha dawa.

Anza kwa kusafisha. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, iweke juu ya tongo lililokauka dakika 2 au 3, kisha futa kutoka pembe ya pua kwenda nje. Pamba moja, mfuto mmoja, jicho moja. Usibandue gamba kavu, maana utaondoka na ngozi. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku, kila mara kabla ya dawa, kwa kuwa dawa iliyopakwa juu ya tongo haifiki popote. Mtoto wa paka ambaye hajafumbua macho, lakini kope zimevimba na usaha unachungulia, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Usaha uliofungiwa humo unakula jicho.

Sasa dawa. Kabla ya kuweka chochote, soma boksi, na usisome jina kubwa la mbele pekee. Soma orodha ya viambato kwa maandishi madogo. Ukiona neno linaloanza na "dexa", "beta", "predni" au "hydrocort", rudisha. Hizo ni steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe kwa kuilaza kinga ya mwili. Matone mengi yanayouzwa madukani kwa macho mekundu huchanganya antibiotiki na steroidi katika kichupa kimoja, na muuzaji atakuambia kwa nia njema kwamba ni kali zaidi. Ni kali kweli: wekundu unashuka kwa siku mbili, mwenye paka anafurahi, kumbe kinga ya jicho imelazwa na virusi vinachimba konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kidonda kidogo kinageuka shimo. Sindano ya steroidi ya "kumpa nguvu" nayo ina hatari hiyohiyo, na inaweza kuviamsha virusi kwa paka aliyekuwa mzima. Ukimpeleka popote kuchomwa sindano, uliza ni nini kilichomo kabla haijaingia.

Ya kuanzia ninayoipendelea ni mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1, yale ya kawaida ya binadamu. Hayaui virusi. Yanazuia bakteria wanaofuata nyuma yake, na yanaigusa klamidia pia kama imo. Mstari wa nusu sentimita, mara 3 au 4 kwa siku. Mweke paka mapajani akitazama mbele, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, vuta kope la chini kwa kidole gumba, dondosha mstari, fumba kope na sugua taratibu. Ncha ya tyubu isiguse jicho. Paka wachache hawapatani na mafuta haya: jicho linazidi kuwa jekundu badala ya kutulia. Kama baada ya siku 2 au 3 ni baya kuliko ulivyoanza, acha. Mchanganyiko wenye neomisini na polimiksini siupendi kwa paka. Neomisini huwasha macho ya baadhi yao, na polimiksini, mara chache, imeleta mshtuko wa mzio.

Dawa za kuua virusi za kuweka machoni zipo, ila zina mtego wa pili. Asikloviri ya macho ni asilimia 3 na hutumika mara 5 kwa siku. Mara 2 au 3 ni kupoteza hela. Ile inayopatikana kirahisi ni krimu ya asilimia 5, ya kupaka vidonda vya mdomo vya binadamu. Hiyo ni ya ngozi na haiingii jichoni kamwe. Kwenye boksi lazima iandikwe wazi kuwa ni ya macho. Jeli ya gansikloviri ya macho ni nzuri ukiipata. Kama unaweka matone na mafuta kwa pamoja, matone yatangulie, subiri dakika 5, mafuta yafuate.

Dawa zote hizi ni za jicho ambalo konea yake bado inang'aa. Simama dirishani penye mwanga na ulitazame jicho kwa ubavu. Likiwa na ukungu mweupe au wa bluu, mkwaruzo, shimo, doa la kahawia, au paka analifumba muda wote, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Daktari ataweka rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya bluu. Kidonda kitang'aa kijani, na kikiwa na matawi kama mizizi, ni herpesi bila ubishi. Kwa watoto wa paka angalia pia kama utando wa waridi umeanza kushikamana na konea. Ukishikamana, kuuachanisha kunahitaji upasuaji, na mara nyingi hurudi.

Hatua ya 6: Alishe

Paka asiyenusa hali, na asiyekula siku 3, hasa akiwa mnene, anaanza kujaza mafuta kwenye ini. Huo ni ugonjwa mwingine mzima. Kwa hiyo fungua pua kwanza, ndipo ulete bakuli.

Chakula kiwe na harufu na kiwe vuguvugu kama mwili wake, nyuzi 38 hivi. Usipa wa Ziwa Nyasa unaouzwa Kyela na Mbeya mjini ni mzuri kuliko makopo mengi: uchemshe bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, uusage, uuchuje, umpe na mchuzi wake. Vitunguu ni sumu kwa paka, hivyo mabaki ya mboga ya nyumbani hayafai. Akikataa, mpake kidogo mguuni ajilambe. Ukilazimika kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza kutoka pembeni ya mdomo, nusu mililita hadi moja kwa wakati, ameze ndipo uongeze. Pua ikiwa imeziba usimlazimishe, chakula kitaingia mapafuni.

Mpime uzito kila siku kwa mizani ileile. Mtoto wa paka asiyeongezeka kwa siku moja ni wa kuangaliwa, anayepungua ni wa daktari. Vuta ngozi ya shingoni. Ikichelewa kurudi na ufizi unanata, anahitaji maji ya kuchomwa chini ya ngozi.

Hatua ya 7: Dawa za kumeza

Siku za kwanza, paka mwenye chafya na makamasi mepesi lakini anakula hahitaji antibiotiki. Makamasi yakiwa mazito ya kijani, na ana homa au amelegea, daktari kwa kawaida ataandika doksisaiklini, miligramu 5 kwa kilo mara mbili kwa siku au 10 mara moja, siku 7 hadi 10. Kapsuli ya binadamu ni miligramu 100, na paka wa kilo 3 anahitaji 15 kwa dozi. Usiigawe kwa macho; omba itengenezwe ya maji kwa kipimo. Halafu kila dozi ifuatwe na mililita 5 za maji au chakula, bila kukosa. Doksisaiklini ikikwama kooni inachoma, na kovu lake linaziba njia ya chakula.

Dawa ya virusi ya kumeza inayofaa ni famsikloviri, miligramu 90 kwa kilo mara mbili kwa siku, kwa usimamizi wa daktari, na figo zikiwa na shida kipimo hupunguzwa. Valasikloviri inaua paka. Majina yanafanana, kwa hiyo soma herufi kwa herufi. Vidonge vya asikloviri navyo haviwafai. Unga wa laisini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya mafua haya, usinunue: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha hausaidii.

Mkimbize kwa daktari akihema kwa mdomo, joto likipita nyuzi 40 au likishuka chini ya 37.5, au akipitisha saa 24 bila kula.

Hatua ya 8: Usafi

Virusi hivi ni dhaifu: penye unyevu hudumu saa 18 hivi, penye ukavu chini ya hapo. Osha kwa sabuni, kisha mililita 50 za Jik ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji, dakika 10, suuza, anika juani. Nasema Jik kwa sababu kalisivirusi, ambayo huenda imo pia, ni sugu zaidi.

Hatua ya 9: Miezi inayofuata

Ugonjwa hurudi paka akisumbuliwa: kuhama nyumba, paka mgeni, kuzaa, kunyonyesha, baridi. Virusi havitoki siku hiyohiyo. Huchukua kama wiki moja, kisha vinamwagika kwa wiki moja au mbili. Ukihamia Mbeya kutoka Iringa leo, wiki inayofuata ndiyo ya kumwangalia macho, na usimkutanishe na watoto wa paka kwa wiki tatu. Jike mwenye historia ya mafua haya huwaambukiza watoto wake wakiwa bado wananyonya, kadiri kinga ya maziwa inavyopungua. Jike kama huyo afungwe kizazi.

Chanjo ya pamoja ya paka, inayohusisha herpesi na kalisivirusi, haizuii virusi kuingia wala haiviondoi, lakini hufanya mafua kuwa mepesi. Anza akiwa na wiki 6 hadi 8, rudia kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha nyongeza kati ya miezi 6 na mwaka. Usiichanganye na chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa kwenye kampeni. Hii ya mafua ni nyingine, nayo inabidi uiulizie mapema kliniki ili iagizwe. Itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ikifika kwa basi kwenye boksi lisilo na barafu, ikatae.