Jinsi ya kuisoma Rip Van Winkle ukitafuta mabadiliko na uhuru

Wanafunzi wa fasihi huku Nyegezi, Mwanza, wananiulizaga sana kuhusu hadithi fupi ya Rip Van Winkle, mwalimu, dhamira ya uhuru iko wapi humu mbona jamaa kalala tu? Iko, ila usiitafute kwenye vita maana mwandishi wake, Mmarekani Washington Irving, vita vyenyewe vya uhuru wa Marekani kaviruka Rip akiwa usingizini.

Anza kusoma mpaka pale Rip anapanda milima ya Catskill na bunduki na mbwa wake, anakunywa pombe ya wale wazee wa ajabu, usingizi unamchukua. Funga kitabu. Andika kijiji alichokiacha kilikuwaje: mtawala ni mfalme George wa Tatu wa Uingereza, wazee wanapiga soga kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni, nyumbani mke anamfokea. Usiruke hii hata ukisikia uvivu.

Ndo uendelee sasa. Miaka 20 imepita, anafika pale pale anakuta kibao cha nyumba ya wageni kina sura ile ile ya mfalme ila koti jekundu limekuwa la bluu, fimbo ya kifalme imekuwa upanga na chini wameandika Jenerali Washington, yani George Washington aliyeongoza jeshi la Marekani kwenye vita vya uhuru, sio mwandishi. Hapa kaa sana aisee. Hadithi ilitoka 1819, Marekani ilijitangazia uhuru 1776, yani wasomaji wengine walikuwepo kabisa, na Irving anawauliza kilichobadilika ni utawala au ni rangi tu? Mi naona vyote viwili, maana watu nao sio wale, waliokuwa wanasinzia sasa wanabishana uchaguzi, na Rip akijitaja kuwa mtiifu kwa mfalme wanampigia kelele jasusi jasusi.

Kama haijakuingia ilete nyumbani. Mvuvi wa Ukerewe kalala 1956 kaamka 1976, kashuka Mwanza mjini kutafuta sukari na noti yake ya picha ya malkia, mwenye duka anamuonyesha sarafu ya sura ya Nyerere, na Tanganyika yake siku hizi ni Tanzania. Uhuru ameukuta, je ni wake? Mbishane kwanza kabla hujaandika chochote.

Halafu sasa wengi wanaandika Rip kafurahia uhuru wa nchi, hapana, rudi mwisho usome tena, siasa haimgusi kabisa, anachofurahia ni kwamba mke kafariki na hamna wa kumfokea. Na hapa ndo pananiuma mimi. Huyu mama hata jina lake hatupewi, ni mke wa Van Winkle basi, shamba linamfia, watoto matambara, mume yuko kwa majirani anawasaidia kazi zao. Kumuita mkoloni wa nyumbani ni rahisi na Irving anakusukuma huko, usikubali kirahisi.

Zoezi nalopendaga kuwapa: andika ukurasa mmoja wa usiku wa kwanza Rip hajarudi, mke ndo anaongea, na utumie vitu vilivyomo kwenye hadithi tu, uzio umeanguka, ng'ombe kaingia kwenye kabichi, na mtoto wa kiume anayevaa suruali kuukuu ya baba yake.