Somo: Kumsindikiza mgeni kwa daktari hapa England, kuanzia mapokezi mpaka dawa mkononi

Mwaka juzi nilikaa na mama mmoja wa Uvira kwenye benchi la kliniki moja ya mtaani. Mapokezi walikuwa wamemwomba pasipoti na bili ya umeme. Pasipoti yake ilibaki Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, tangu siku aliyoomba hifadhi, na umeme wa hoteli alimowekwa haulipi yeye. Akanishika mkono akasema taratibu, "Dada, tutoke, hawatutaki." Alikuwa na sukari, na hakuwa amemeza dawa kwa wiki saba. Hatukutoka. Nilirudi mezani nikasema maneno machache nitakayowaandikia hapa chini, dada wa mapokezi akaingia ndani kuuliza, akarudi na fomu.

Tangu siku ile nimewasindikiza wengi, na mlango unaowashinda wenzetu ni uleule: meza ya mapokezi. Haki ipo, lakini mtu akiambiwa "hapana" mara moja na anayevaa beji shingoni, haji tena. Ndiyo maana naandika kwa ajili yetu tunaosindikiza. Ninayoyasema ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, na huko dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi.

Hatua ya 1: Kaa naye kabla ya kwenda

Keti naye nyumbani, mnywe chai. Usianze na makaratasi yake. Huyo tayari ameulizwa makaratasi na kila mtu. Mwambie alete dawa zote alizo nazo, hata pakiti tupu na vile vidonge alivyopewa na jirani. Andika kwenye karatasi moja jina lake kama lilivyo kwenye kadi au barua ya Home Office, herufi kwa herufi. Wengi majina yao yamegeuzwa, la ukoo limekuja mbele, na waliokuwa hawajui tarehe ya kuzaliwa wameandikiwa tarehe 1 Januari. Usilisahihishe leo. Ukiandika tofauti, faili zitakuwa mbili na majibu ya vipimo yatapotelea katikati.

Halafu andika lugha yake, na hapa uwe makini. Kwenye fomu "Kiswahili" ni neno moja, lakini mtu wa Bukavu akisema ana tansio na mkalimani wa Tanga anajua presha, nimeona dakika nzima zinapotea. Andika "Kiswahili cha Congo" kama ndicho chake. Mwanamke akitaka mkalimani mwanamke, andika pia.

Hatua ya 2: Kumsajili kwa GP

GP ni daktari wa mtaani, na kila mtu anayeishi England anaweza kusajiliwa, awe na visa, awe ameomba hifadhi, awe amekataliwa, awe hana karatasi hata moja. Kumwona GP au nesi wake hakulipiwi. Mwongozo wa NHS England, yaani huduma ya afya ya taifa, unasema mtu halazimiki kuonyesha kitambulisho, uthibitisho wa anwani wala hali yake ya uhamiaji ili asajiliwe. Haya ndiyo maneno niliyoyasema mezani: "Hana kitambulisho, na mwongozo wa NHS England unasema si lazima. Tafadhali tusajilie, na kama hamwezi, tuandikieni sababu." Yaseme kwa Kiingereza chochote ulicho nacho, kwa sauti ya chini na heshima. NHS pia wametengeneza kadi ndogo zenye maelezo hayo ambazo mtu anamkabidhi wa mapokezi bila kusema neno. Ziombe kwenye mashirika ya wakimbizi, weka mbili tatu kwenye pochi.

Asiye na makazi, au anayelala sebuleni kwa rafiki leo na kwa mwingine kesho, anaweza kusajiliwa kwa anwani ya kliniki yenyewe. Aliyeko eneo hilo kwa zaidi ya saa 24 lakini chini ya miezi 3 anaandikishwa kama mkazi wa muda.

Jambo moja linawatisha watu bure. Visa nyingi zimeandikwa kwamba mwenyewe haruhusiwi fedha za umma, na watu wakadhani hata daktari hawaruhusiwi. NHS haimo kwenye orodha ya fedha hizo. Mwambie hivyo usoni, umwone anavyoshusha mabega.

Hatua ya 3: Mkalimani na saa

Mkalimani ni kazi ya kliniki, na mgonjwa halipi. Mwombe siku ile ile mnapochukua miadi, si asubuhi ya miadi. Wewe msindikizaji usijifanye mkalimani hata kama Kiingereza chako kinatiririka. Kuna mambo mama hatayasema mbele ya mtu anayekutana naye msikitini au kanisani kila wiki.

Na saa! Barua inasema 10:00, sisi tunasema saa nne. Baba mmoja nilimwambia "kesho saa nne", mwanawe aliyekulia hapa akamwekea kengele ya simu saa 4:00. Alifika alasiri, kliniki imejaa, miadi imefutwa, akasubiri wiki tano nyingine kwa mgongo uliokuwa ukimlaza chini. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi naandika tarakimu kama zinavyoonekana kwenye simu, na pembeni nachora jua au mwezi.

Hatua ya 4: Dawa

Dawa ya kuandikiwa ni pauni 9.90 kwa kila aina. Mtu wa tansio na sukari anaweza kutoka na aina nne, na nimeona mtu akimwomba mfamasia amchagulie "ile ya muhimu". Usifikie hapo. Kuna cheti kinaitwa HC2. Mwenye nacho halipi dawa, meno ya NHS wala kupimwa macho, na anarudishiwa nauli ya kwenda hospitali akipelekwa na daktari. Anayepata msaada wa Home Office akisubiri hifadhi hupewa. Wengine wenye kipato kidogo wanajaza fomu ya HC1, hata wasio na makaratasi. Cheti kina mwisho wake, kwa hiyo angalia tarehe na muombe kipya mapema. Watoto chini ya miaka 16 na waliofika miaka 60 hawalipi dawa. Mjamzito ana cheti chake, anachoombewa na mkunga au daktari, kinachomfikisha miezi 12 baada ya kujifungua.

Hatua ya 5: Hospitali, ambako pesa inaingia

Hapa lazima tuwaambie watu ukweli wote. Tangu Oktoba 2017 hospitali za England zinatakiwa kudai malipo kabla ya matibabu yasiyo ya haraka kwa mtu asiye na haki ya bure, na bei ni asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS. Basi kwanza mjue mtu wako yuko wapi. Aliyepewa hifadhi halipi. Aliyeomba hifadhi na anasubiri, pamoja na rufaa, halipi. Aliyekataliwa lakini anapata msaada wa Home Office wa kifungu cha 4(2) au cha 95 cha sheria ya uhamiaji na hifadhi ya 1999 halipi. Aliyetambuliwa, au anayeshukiwa, kuwa ametumikishwa kitumwa halipi. Aliyelipia ada ya afya kwenye visa ameshalipa.

Na yapo yasiyolipiwa na yeyote: kuonwa kwenye kitengo cha dharura (ukilazwa ndipo hesabu inaweza kuanza), kifua kikuu, malaria, HIV, magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango, na matibabu ya madhara ya mateso, ukeketaji, ukatili wa nyumbani au wa kingono, ilimradi mtu hakuja nchini kwa ajili ya matibabu hayo. Hilo la mateso na ukatili liseme wewe, maana mgonjwa hatalisema. Mtu ana goti lililovunjwa gerezani, anaandika "maumivu ya goti", anatumiwa bili.

Tiba ya haraka haizuiwi kwa sababu ya pesa. Anayeamua kama ni ya haraka ni daktari, si ofisi ya malipo. Mkiambiwa na ofisi kwamba miadi imesitishwa, ulizeni, "Daktari wake ameliona hili?"

Hatua ya 6: Usingizi na mawazo

Wenzetu hawasemi wana huzuni. Wanasema "nina mawazo", "moyo unaenda mbio", "kichwa kimejaa", "usiku sioni usingizi". Nilikuwepo mkalimani alipotafsiri mawazo neno kwa neno. Daktari akatikisa kichwa, akaendelea na swali la mgongo. Yule kijana alikuwa amejikusanya miezi minne ili alitamke neno lile moja. Kwa hiyo kabla ya kuingia, mfundishe mgonjwa aseme yanayotokea: nalala kwa saa mbili tu, naamka nikipiga kelele, sili, nimeacha kutoka chumbani. Hayo yanatafsirika.

Huduma ya tiba ya mazungumzo ya NHS mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe bila barua ya daktari. Kwa aliyeteswa kuna Freedom from Torture, iliyoanzishwa mwaka 1985. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake: piga 111, simu ya NHS, uchague 2, au 999 kama hatari iko mbele yako. Samaritans, wanaosikiliza waliolemewa, ni 116 123, bure, mchana na usiku.

Nami nimejifunza kuuliza swali moja dogo: "Umekula na nani wiki hii?" Hotelini watu wanakula peke yao vyumbani, chakula kimefungwa kwenye plastiki. Jumamosi tunapika maharage na ugali kwenye ukumbi tuliopewa, na kuna mzee ambaye tulipata kujua kuwa ana presha akiwa anakoroga sufuria.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Visa yangu imeisha miaka mitatu, nafanya kazi za boksi. Nina uvimbe kinenani unaouma nikinyanyua mzigo. Nikienda GP, Home Office watajua?*

Marahaba mwanangu. GP hana wajibu wa kumripoti mgonjwa Home Office, na wewe hulazimiki kumweleza habari za visa. Nenda. Ila akikupeleka hospitali kwa upasuaji, hospitali itauliza na inaweza kukutoza. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kupelekwa Home Office. Ukipata bili usiifiche kabatini; omba kulipa kidogo kidogo kwa makubaliano ya maandishi, na uione na mshauri wa shirika linalosaidia wahamiaji. Uvimbe ukiwa mgumu ghafla, haurudi ndani, unatapika, hiyo ni dharura. Usisubiri zamu iishe.

*Mama, mimi niko Manchester, niko na mimba ya miezi tano. Walinikatalia hifadhi. Naogopa hospitali itanifukuza.*

Haitakufukuza, mwanangu. Huduma ya ujauzito na kujifungua inahesabiwa kuwa ya haraka daima, na sheria haiwaruhusu kukunyima au kuichelewesha kwa sababu hujalipa. Bili inaweza kuja baadaye, hilo sikufichi. Lakini ukipata msaada wa kifungu cha 4(2), hutozwi, kwa hiyo wapigie Migrant Help, shirika linalosaidia walioomba hifadhi, leo, 0808 8010 503, bure, saa 24, na utaje mimba mwanzoni kabisa. Mkunga unaweza kumfikia mwenyewe bila kupitia GP. Miezi mitano ni mingi. Nenda wiki hii.

*Binti yangu ana miaka 12 na anajua Kiingereza vizuri. Kwa nini asinitafsirie?*

Kwa sababu siku daktari akiuliza kuhusu damu, au kuhusu yaliyotokea njiani, yeye ndiye atakayeyasikia kwanza, na ndiye atakayechagua nini akwambie. Mwache shuleni. Omba mkalimani, hata wa simu.

*Tumesema yote hayo na bado wamekataa. Wanasema ni sheria yao ya ndani.*

Waombeni sababu kwa maandishi. Wanatakiwa kuitoa ndani ya siku 14. Sababu halali ni kama orodha yao imefungwa au mnaishi nje ya eneo lao. Kukosa pasipoti si mojawapo. Andikeni tarehe, saa na maneno mliyoambiwa, mlalamike kwenye bodi ya afya ya eneo lenu. Wakati huohuo tafuteni kliniki iliyojiunga na mpango wa Safe Surgeries, yaani iliyoahidi kuwaondolea wahamiaji vikwazo vya kusajiliwa. Mgonjwa asikae bila dawa huku nyinyi mnapigania haki.

*Kuna dada Mkenya analea watoto wa familia iliyokuja naye kutoka Ghuba. Pasipoti wanayo wao. Ananipigia akiwa bafuni, anasema jino limevimba hadi jicho.*

Hilo la jino ni la sasa hivi. Uvimbe unaopanda jichoni unampeleka kitengo cha dharura, na akishindwa kumeza au kupumua ni 999. La pasipoti ni jambo lingine zito. Kumshikia mtu pasipoti ili asiondoke ni dalili ya utumwa wa kisasa, na anayeshukiwa kuwa kwenye hali hiyo hatozwi hospitalini. London kuna Kalayaan, wamekuwa wakiwasaidia wafanyakazi wa ndani kutoka nje tangu 1987. Wewe usiwapigie simu mabwana zake, wala usimtumie ujumbe wa kueleza mambo haya, maana simu inaweza kukaguliwa. Akipiga tena, mwambie kwa mdomo, kwa Kiswahili, na muulize huwapeleka watoto bustani ipi na saa ngapi, ili umkute huko.