Mowa ya biashara: mambo ya kuangalia kama ndo unaanza

Wadau mnaoanza kazi ya kukata nyasi za watu, iwe Masaki, Mbezi Beach au Kigamboni, kinachoua mowa nyingi hapa Dar, yaani mashine za kukata nyasi, ni mchanga na oili iliyochoka. Ukivishinda hivyo viwili umeokoa hela nyingi sana.

Kabla hujagusa chochote chini ya mashine, chomoa waya wa plagi, ile ya injini inayotoa cheche. Hili naomba mlishike kweli, kisu kikizungushwa na mkono injini inaweza kushtuka ikawaka, na vidole havina spea.

Oili unacheki kila asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa sehemu tambarare, unachomoa kile kijiti cha kupimia oili, unafuta na tambaa, unarudisha, unachomoa tena ndo unasoma. Mashine mpya mwaga oili ya kwanza baada ya masaa 5 hivi, baada ya hapo kila masaa 50, na kwa joto letu oili ya uzito wa SAE 30 (imeandikwa kwenye chupa) inafaa kwa injini nyingi ila cheki kitabu chake. Sasa mtu wa biashara anayekata masaa 5 kwa siku, hayo 50 ni siku 10 tu, kwa hiyo weka daftari uandike masaa, hasa masika, Machi mpaka Mei, nyasi zinapoota fasta na simu za wateja haziishi. Oili imwage wakati injini ni ya vuguvugu, uchafu unatoka nayo. Halafu mowa hizi nyingi ni fostroku, yaani injini ya mipigo minne, petroli yake haichanganywi na oili, ile mashine ya kukatia nyasi ya kuvaa begani mara nyingi ndo inachanganywa, kwa hiyo kila moja iwe na kidumu chake chenye alama.

Eafilta, yaani kichujio cha hewa, ikiwa ya sponji ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, kisha idondoshee oili safi kidogo na uikamue. Ya karatasi usiioshe kabisa, igonge taratibu vumbi lidondoke, ikishakuwa nyeusi nunua nyingine. Vitabu vingi vinasema uisafishe kila masaa 25, ila ukikata kwenye mchanga mkavu mimi nakushauri uifungue kila jioni.

Kisu butu kinachana nyasi badala ya kuzikata, kesho yake ncha zinakuwa za kahawia na mteja anaona. Ukilaza mashine, upande wa kabureta (panapochanganyika petroli na hewa) uwe juu, la sivyo oili inaingia kwenye filta na ukiwasha ni moshi mweupe mtupu. Zuia kisu na kipande cha mbao, fungua bolti, kinoe kwa tupa kufuata ulalo wake uleule, kisha kining'inize kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ndo mzito, upunguze mpaka kitulie sawa, maana kisu kisicho na balansi kinatetemesha mashine nzima na kula beringi. Kikiwa na ufa au kimepinda, kitupe, usikinyooshe.

Kwangua majani chini ya mashine kila siku, majani mabichi na hewa ya chumvi ya huku pwani vinakula bati haraka.

Na mashine ikikaa zaidi ya mwezi bila kazi, mwaga petroli, iwashe mpaka izime yenyewe, kwa sababu petroli ya zamani inaacha utando kama gundi kwenye kabureta na hapo lazima umlipe fundi aifungue yote.