Kadeti wa ROTC unayetaka shule ya sheria: umwulize nani, umwulize nini

Mwaka wangu wa tatu ROTC, yale mafunzo ya uofisa wa jeshi la Marekani kwa wanafunzi wa chuo, nilimwendea kanali mmoja, gwanda nimelinyoosha mpaka mikunjo inakata, nikamwomba awe mlezi wangu. Akasema, "Sawa." Tukaishia hapo. Sikuwa nimemuuliza kitu, naye angejibu nini?

Nilikuwa natafuta mtu mmoja mkubwa wa kunishika mkono, kumbe nilihitaji watatu au wanne, kila mtu kwa jambo lake.

Anza na mwanasheria wa jeshi, yaani mtu wa JAG, na kwa maoni yangu kapteni anakufaa kuliko kanali. Kapteni ametoka shuleni juzi, maumivu ya ada bado anayakumbuka. Pitia kwa mkufunzi wako akuunganishe. Usimruke, maana jeshini ukiruka ngazi hata nia njema haikuokoi.

Ukimpata, mwulize juu ya njia mbili. Ya kwanza ni kuahirisha utumishi: unahitimu, unavishwa uluteni usu, unabaki kwenye jeshi la akiba, unasoma sheria miaka 3 kwa gharama yako, kisha unaomba kuingia JAG. Sikiliza vizuri hapa: kuruhusiwa kuahirisha si kukubaliwa JAG. Ya pili ni FLEP, mpango wa jeshi wa kugharamia masomo ya sheria. Unatumikia kwanza kama ofisa wa kawaida, angalau miaka 2, halafu ukichaguliwa jeshi linakulipia ada na mshahara unaendelea. Baadaye unalipa kwa utumishi, miaka 2 kwa kila mwaka uliosomeshwa.

Kapteni niliyempata aliniuliza hata sijakaa vizuri: "JAG wakikukataa, uko radhi kuongoza platuni ya usafirishaji na shahada yako ya sheria mfukoni?" Sikuwa na jibu. Nilimrudia baada ya wiki mbili nikiwa nalo.

Ujumbe wangu wa kwanza kwake ulikuwa na mistari minne tu:

"Kapteni, mimi ni kadeti wa mwaka wa tatu, nasoma historia. Nataka kuomba shule ya sheria msimu ujao na sijaamua kati ya kuahirisha na FLEP. Naomba dakika 20 zako, Jumanne au Alhamisi baada ya saa kumi jioni. Maswali yangu matatu nimeyaambatisha."

Hayo maswali matatu ndiyo yaliyofungua mlango. Mtu mwenye shughuli nyingi akiona umeshajisumbua, anaona haya kukupuuza.

Wa pili ni mwalimu wa darasani aliyesahihisha maandishi yako. Barua ya mapendekezo yenye cheo kikubwa inavutia kwa macho, lakini ya kanali wangu ilikuwa na sentensi ambazo angeweza kumwandikia kadeti yeyote. Shule inataka kujua unavyofikiri, na anayejua ni yule aliyekurudishia insha imejaa wino. Mpe wiki sita, umpelekee na ile insha yenyewe akumbuke alichokusifia. Ofisa wako mwache aandike barua ya pili, ile ya uongozi.

Wa tatu ni mwanafunzi wa sheria aliyewahi kuvaa gwanda. Shule nyingi zina chama cha waliotoka jeshini, na hao hujibu haraka kuliko wote. Mpe maelezo yako binafsi, ile insha ya maombi ya shule, ayasome. Aliyesoma yangu alizungushia vifupisho kumi na kimoja kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika pembeni: "Mama yangu angeelewa?" Niliandika upya kuanzia juu.

Kuhusu LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria, mwulize kwanza aliufanya lini. Alama bado ni 120 hadi 180, ila tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti imeondolewa. Anayekufundisha kuchora vijedwali vyake, mshukuru, songa mbele.

Halafu warudishie habari, hata mbaya. Shule ya kwanza iliponikataa nilimwandikia kapteni jioni ileile. Alinipigia kesho yake kabla ya mazoezi ya alfajiri, akaniuliza nimebakiza shule ngapi, akaniambia nimtumie maelezo yangu upya.