Kujenga debe lenye uwazi kwenye PyBullet, maparachichi yaingie ndani

Ukipakia meshi (umbo la 3D lililoundwa kwa pembetatu) ya debe kwenye PyBullet, injini ya kuiga fizikia inayotumiwa kwa Python, kisha ukadondosha parachichi la Rungwe juu yake, litatua mdomoni na kubaki hapo, ingawa kwa macho debe ni tupu. Kwa kitu kinachosogea, injini haitumii meshi ilivyo. Inaivika ganda lisilo na mbonyeo wowote, kama nailoni iliyovutwa juu ya mdomo ikakazwa. Matunda yanabaki juu kama lumbesa.

Ipo alama ya GEOM_FORCE_CONCAVE_TRIMESH inayohifadhi uwazi, lakini ni ya vitu visivyosogea, vyenye uzito 0. Karo la kuoshea matunda, sawa. Debe la kuinuliwa na kumiminwa, hapana. Hilo lijenge kwa vipande.

Hatua ya 1: pima ndani. Debe la kupimia viazi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, tulichukulie kuwa sm 24 × 24 × 35 kwa ndani, yaani lita 20 na kidogo. Bati lake ni jembamba mno, usiige unene huo, vitu vitaupenya. Weka sm 2, na unene uongezeke kwenda nje ili ujazo usiguswe.

Hatua ya 2: andika URDF, yaani faili la maandishi linaloeleza umbo na uzito wa kitu. Kiungo kimoja, `collision` (maumbo ya kugongana) tano. Sifuri iwe katikati ya sakafu ya ndani. Vipimo ni mita:

- kitako: 0.28 0.28 0.02, mahali 0 0 -0.01
- kuta mbili: 0.02 0.28 0.35, mahali ±0.13 0 0.175
- kuta mbili: 0.24 0.02 0.35, mahali 0 ±0.13 0.175

Wengi huteleza hapa: URDF inataka kipimo kizima, ila createCollisionShape, njia ya kuunda umbo kwa msimbo, inataka nusu yake. Ukihamisha vipimo bila kugawa kwa 2, kila kipande kitakuwa kikubwa maradufu. Kwenye `visual`, sehemu ya mwonekano tu, weka meshi yako nzuri ya bati jembamba. Haigongani na chochote.

Hatua ya 3: uzito na inersia (ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa). PyBullet hukokotoa inersia upya kana kwamba debe ni gogo lililojaa. Kwa debe la kilo 1 inapata takriban 0.013 kuzunguka wima, wakati bati tupu lina 0.018, hivyo debe linazungushwa kirahisi kupita kiasi. Andika mwenyewe ixx na iyy 0.021, izz 0.018, kitovu cha uzito kwenye z 0.149, kisha pakia kwa URDF_USE_INERTIA_FROM_FILE. Usishtuke getBasePositionAndOrientation ikikupa mahali pa kitovu hicho badala ya sakafu.

Hatua ya 4: jaribu. Juu ya sakafu iliyo kwenye z 0, pakia debe kwenye z 0.02, dondosha tufe la nusukipenyo sm 4 kutoka z 0.6, endesha hatua 480 za uigaji. Likitulia karibu na 0.06, uwazi upo. Likitulia 0.41, mdomo bado umezibwa.

Maharage yana shida yake. Punje iliyoanguka mita 1 inakwenda mita 4.4 kwa sekunde, yaani sm 1.8 kwa kila hatua ya uigaji ya sekunde 1/240. Ikikutwa imeshavuka katikati ya kitako, injini inaisukumia upande wa pili na unaokota maharage chini ya debe. Punguza hatua iwe 1/480. Parachichi ni nene, halihitaji hilo.

Ndoo ya duara ni kazi ileile: vipande 16 vilivyopangwa kwa mzunguko, kila kimoja kimegeuzwa nyuzi 22.5 kutoka kwa jirani yake. Kwa nusukipenyo cha ndani cha sm 15 na unene wa sm 2, upana wa sm 6.8 unaziba mianya ya nje. Vipande vikiingiliana pembeni si tatizo, kwa kuwa vya kiungo kimoja havigongani.

Chungu chenye tumbo na shingo kinachosha kwa mkono, tumia p.vhacd, zana ya PyBullet inayokata meshi vipande visivyo na mbonyeo. Meshi iwe na uso wa ndani na wa nje, na mdomo uwe wazi, la sivyo itakikata vipande kikiwa kimejaa. Fungua faili lililotoka kabla ya kulitumia: mara nyingi vipande vya shingoni huvimba na kuubana mdomo. Hapo ongeza `resolution` ukate upya.