Kufufua kontrola ya NES kwa bodi mpya

Kontrola ya NES, konsoli ya michezo ya Nintendo, iliyokataa kuitika haistahili kutupwa. Ganda, vitufe na kebo mara nyingi bado ni vizima. Kilichokufa ni bodi, ama njia za shaba zimeliwa na kutu, ama chipu ya 4021, inayosoma vitufe na kuipa konsoli majibu, imeharibika. Kabla ya kununua bodi mpya, safisha kwanza raba zilizo chini ya vitufe na bodi ya zamani kwa alkoholi ya isopropili. Nyingine huamka hapohapo.

Hatua ya 1: Chagua bodi

Tafuta yenye mabaka ya mguso yaliyopakwa dhahabu. Bati huacha vinundu, na raba haikai sawasawa juu yake. Pima pia unene wa bodi ya zamani kwa kalipa, kwani bodi nene kupita kiasi huacha vitufe vimebonyea nusu hata usipovigusa.

Hatua ya 2: Fungua

Laza kontrola kifudifudi, toa skrubu 6 za nyuma, kisha inua kifuniko. Piga picha jinsi kebo inavyojizungusha kwenye vigingi vya ganda. Hapo ndipo inapozuiwa isivute viungo vya waya, kwa hiyo lazima irudi kwa njia ileile.

Hatua ya 3: Tambua waya kabla ya kukata

Usiharakishe hapa. Plagi ina matundu 7, lakini waya zinazotumika ni 5: volti 5 (chanya), ardhi (hasi), lachi, kloku na data (kazi ya hizi tatu imeelezwa katika Hatua ya 5). Niliwahi kuamini kwamba waya mwekundu ni chanya, kama ilivyo kwenye vifaa vingi. Kumbe ulikuwa wa kloku, na ikanibidi ning'oe waya zote nianze upya.

Tangu siku hiyo siamini rangi. Kontrola ikiwa haijachomekwa popote, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, yaani hali inayolia ncha zake zikiwa zimeunganika. Ncha moja iguse mguu wa chipu, nyingine iguse kiungo cha waya kwenye bodi ya zamani. Mguu wa 16 ni volti 5, wa 8 ni ardhi, wa 9 lachi, wa 10 kloku, wa 3 data. Njia ya shaba ikiwa imekatika hutasikia mlio. Tumia basi plagi na mchoro wa matundu yake. Andika kila jibu kwenye karatasi, ndipo ukate.

Hatua ya 4: Lehemu

Paka waya lehemu kidogo kwanza, kisha uushike kwenye baka lake kwa sekunde moja au mbili. Kiungo kizuri hung'aa na kukumbatia waya. Kilichovimba kama tone kirudie kwa flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika). Ukimaliza, pima kati ya volti 5 na ardhi. Ukisikia mlio, usichomeke kwenye konsoli hata kwa sekunde moja. Tafuta lehemu iliyovuka kutoka baka moja hadi jingine.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kufunga

Inafaa kujua kinachoendelea ndani. Konsoli ikituma mpigo wa lachi, chipu huchukua hali ya vitufe vyote 8 kwa mkupuo mmoja. Jibu la A liko tayari kwenye data papo hapo. Kila mpigo wa kloku husukuma linalofuata: B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia.

Ndiyo maana kosa hujitaja lenyewe. Kitufe kimoja kikifa, angalia raba yake. Vyote vikifa, rudi kwenye waya. Na ukibonyeza A konsoli ikaona vyote 8 vimebonyezwa, kloku haifiki: konsoli inasoma jibu la A mara 8.

Kila kitufe kikiitika, rudisha kebo kwenye vigingi vyake na kaza skrubu kwa mkono mwepesi, ukijaribu vitufe baada ya kila moja. Kikianza kukwama, legeza skrubu ya mwisho robo mzunguko.